Waya wa Kijani Kisimani

Spika za Kozue Hachiya zilikuwa zinalia hata pale zilipokuwa hazina cha kusema. Ukisogeza kipanya, zinatoa kicheko chembamba. Ukifungua faili, zinakwaruza. Ukiziacha peke yazo, zinavuma, mmmmm, mvumo mmoja wa chini usiochoka, kama friji inayomsengenya mtu.

Mwingine angezima akaenda zake. Kozue hakuwa na pa kwenda, na zile spika ndizo zilizokuwa ajira yake, kama ile unaweza kuiita ajira. Alikuwa na digrii ya fasihi ya kale kutoka Kyoto, digrii nzuri yenye muhuri mwekundu, na tangu aipate ilikuwa imemfaa kufunikia bakuli la tambi za pakiti wakati zinaiva. Makampuni yote aliyoyaandikia yalimjibu kwa adabu ile ile: tumeshindwa kukuchukua, tunakuombea mafanikio huko uendako. Alikuwa ameombewa na makampuni mengi kuliko marehemu yeyote wa ukoo wao.

Kwa hiyo alirudi Ogaki, kwenye nyumba ya bibi yake, akapata kazi ya majaribio katika kampuni moja ya Nagoya inayoandika vikao vya watu. Unatumiwa sauti ya kikao, unaweka mguu kwenye kanyagio chini ya meza, ukikanyaga sauti inakwenda, ukiachia inasimama, na vidole vinaandika kila kilichosemwa. Usiposikia, unaandika kwenye mabano: haisikiki. Visikizi vya masikioni daktari alishavipiga marufuku, maana masikio yake yalikuwa yanatoa usaha. Zilibaki spika.

"Bi Hachiya," alisema Bwana Nagase, msimamizi wake, kwenye simu, "faili la jana lina 'haisikiki' nyingi mpaka nikadhani ni kikao cha mabubu."

"Ni umeme wa nyumba, Bwana Nagase. Nyumba ni ya zamani."

"Nyumba ni yako, kikao ni cha mteja. Majaribio yanaisha pamoja na mvua hizi. Ukifaulu, unaajiriwa kabisa, na bima juu. Usipofaulu... sikutishi, nakwambia tu."

"Nashukuru kwa kutonitisha," Kozue alisema, akakata simu, akaitolea ulimi.

Alijaribu kila kitu. Alibadilisha kebo. Alifunga pete nyeusi za sumaku kwenye nyaya mpaka meza ikafanana na mwanamke aliyeolewa na wengi. Alihamisha chaja kwenye soketi ya jikoni kwa waya mrefu, Bibi Fusae akajikwaa nao, akamwita mjukuu wake mtega nguruwe. Akichomoa chaja, spika zinanyamaza kabisa, lakini betri ya laptopu ilikuwa imechoka kuliko yeye, inakata roho kabla kikao hakijamaliza salamu.

Kitu kimoja tu kilisaidia. Akigusa bati la spika kwa kidole, mvumo unashuka. Hapo alielewa. Umeme uliokuwa unavuja kwenye chaja ulikuwa unatafuta njia ya kwenda ardhini, na soketi za nyumba ile, zenye matundu mawili tu, hazikuwa na njia hiyo, basi ulipitia kwenye sauti. Kwa wiki nzima alifanya kazi kidole kimoja kikiwa juu ya spika na mkono mmoja ukiandika.

"Unaibembeleza?" aliuliza Bibi Fusae, akipita na chai yake.

"Naishika isilie, Bibi."

"Nami nilimshika mama yako hivyo hivyo. Hakunyamaza mpaka alipoolewa."

Mwishowe Kozue alinunua waya wa kijani na fimbo ya shaba ya kupigilia ardhini. Fundi yeyote atakwambia fimbo hiyo inataka udongo wenye maji. Lakini bustani ya Bibi Fusae ilikuwa imejaa mawe ya mto, na kila alipopigilia, fimbo ilishuka kidogo, ikagonga jiwe, ikamrudishia mtetemo mpaka kwenye meno. Mvua ilikuwa inanyesha mgongoni mwake. Alikuwa amechoka. Na kando ya ukuta, kimo cha goti, lilikuwepo lile bomba la kijivu lenye kiwiko juu, kama pua.

Kila mtu pale mtaani alilijua bomba la namna ile. Chini yake kilikuwa kisima cha ukoo, kilichojazwa mchanga zamani mji ulipoleta maji ya mfereji. Kisima hakifukiwi hivi hivi. Unaacha bomba, ili Mwenye Kisima apate kupumua. Bibi Fusae aliliwekea chumvi na kikombe kidogo cha sake, pombe ya mchele, kila mwaka mpya, na Kozue akiwa mdogo alizabwa kibao kwa kulitia gololi.

Basi hakukusudia kuliziba. Alikusudia kupitisha fimbo tu. Alichomoa kiwiko, akashusha shaba ikining'inia kwenye waya wa kijani, ikashuka, ikashuka, na huko chini ikasema *chubwi*. Kisima kilichojazwa mchanga hakina haki ya kusema chubwi. Kozue alisimama kidogo na mvua yake, kisha akafanya ambacho mtu yeyote wa nchi ile angefanya: kwenye droo ya jikoni kulikuwa na bonge la puti lililobaki siku walipofunga kiyoyozi, ile puti ya kijivu ambayo kila nyumba inayo, ya kuzibia tundu lolote waya unapopita ili mbu na maji visiingie. Mikono ilifanya yenyewe. Aliifinyanga, akaipachika mdomoni mwa bomba kuzunguka waya, akailainisha kwa dole gumba. Ikakaa vizuri. Akajisifu.

Alifunga ncha nyingine ya waya kwenye bati la spika. Mvumo ukakatika.

Haukupungua. Ulikatika, kama mtu aliyezibwa mdomo.

Kwa siku kadhaa Kozue alikuwa mtu mwingine. Alisikia kila neno. Alisikia mwenyekiti wa ushirika wa mchele akimeza mate, alisikia katibu akibofya kalamu chini ya meza. 'Haisikiki' zikapungua, zikaisha. Bwana Nagase aliandika meseji yenye neno "vizuri" peke yake, na Kozue aliisoma akiwa chooni, kisha akaisoma tena.

Ndipo Nagase akapiga.

"Kazi safi, Bi Hachiya. Ila hizi alama zako. '(Anavuta pumzi).' Ukurasa mzima: anavuta pumzi, anavuta pumzi. Nani anavuta?"

"Sijui jina lake. Yuko karibu na kinasa sauti. Nimeandika nilichosikia."

"Nimesikiliza mwenyewe, kwa vifaa vya hapa ofisini. Hakuna pumzi."

"Labda vifaa vya hapo ofisini..."

"Bi Hachiya," alisema Nagase, sasa kwa upole, na upole wake ndio uliomtia Kozue ubaridi. "Lala kidogo."

Alirudi mezani, akakanyaga. Kikao kikaenda. Katikati ya hoja na hoja, pale watu wanaponyamaza kufunua karatasi, ilikuwepo: pumzi ndefu, yenye majimaji, ikivutwa. Aliachia kanyagio. Kikao kikasimama. Pumzi ikaendelea. Kozue alikaa akingoja mwenye pumzi ile aitoe, kama mtu yeyote anavyoitoa, na mabega yake mwenyewe yakapanda yakingoja, na haikutolewa. Ilivutwa tu. Ikakoma. Ikavutwa tena.

Alizima spika kwa kitufe. Ikavutwa.

Ulikuwa mchana mweupe wa mvua, saa za watoto kurudi shule, na kwenye chumba cha pili Bibi Fusae alikuwa anapasua karanga kwa meno. Hofu haikuwa na sababu ya kuwapo hapo. Kozue alisogeza uso mpaka kwenye wavu wa spika. Ilinuka kuvu na chuma kilicholowa, harufu ya ndoo iliyosahaulika. Na nyuma ya wavu, kile kiwambo cha karatasi kinachosukuma sauti nje kilikuwa kimezama ndani, kimefyonzwa, kimekaa hivyo hivyo kama shavu la mgonjwa.

"Kozue," aliita Bibi kutoka chumba cha pili. "Hebu nifungulie dirisha."

"Liko wazi, Bibi."

"Liko wazi? Basi hewa imeenda wapi?"

Daktari alimpima Bibi, akasema mapafu ni ya msichana. Bibi alifurahi, akawaambia majirani wote, na aliporudi alikaa kwenye ngazi ya mlangoni kwa sababu hakuweza kuvua viatu na kupumua kwa wakati mmoja. Usiku ule na uliofuata alilala amekaa. Kozue alimkanda mgongo, akahesabu kazi iliyobaki, akajiambia ni unyevu wa mvua, ni umri, ni karanga. Alikuwa amechoka mno kujiambia kitu kingine. Majaribio yalikuwa yanaisha Ijumaa. Faili la mwisho lilikuwa kikao kirefu cha wazee wa kijiji kimoja cha milimani, watu wasio na meno wakizungumza wote kwa pamoja, na Nagase alilitaka kabla jua halijazama. Kozue alijua, kwenye sehemu ile ya mtu inayojua mambo bila kuulizwa, kwamba kama angekwenda bustanini akatazama lile bomba angelazimika kufanya jambo. Basi hakwenda. Alisema nitamaliza hili kwanza.

Ijumaa adhuhuri Bibi Fusae aliwasha ubani kwenye madhabahu ndogo ya marehemu Babu, kama kawaida, akapiga kengele yake ndogo, na Kozue akasikia kengele ikilia na kukatwa, kama mtu kaishika. Aligeuka. Mlango wa karatasi kati ya vyumba ulikuwa wazi. Moshi wa ubani haukupanda. Ulitoka kwenye kijiti, ukajilaza, ukaja mlalo juu ya mikeka, mwembamba, umenyooka kama uzi unaovutwa na mshonaji, ukapita juu ya bega la Bibi aliyepiga magoti, ukavuka kizingiti, ukapita shavuni mwa Kozue, ukaingia kwenye spika ya kushoto. Na nyuma ya moshi, sauti ya Bibi, ile sauti ndogo anayoitoa kila anapojiinua, ikaja pia, mlalo vilevile, ikaingia mle mle, na Bibi akabaki amefungua mdomo bila chochote kutoka, midomo ikigeuka rangi ya biringanya, huku spika zote mbili zikivuta, zikivuta, kama kitu kilichokaa siku nyingi chini kikiwa kimezibwa pua na sasa kimepata tundu, na tundu hilo ni nyumba nzima.

Kozue alimshika Bibi kabla hajaanguka, akamburuta mpaka barazani, kwenye mvua.

"Naita gari la wagonjwa."

"Subiri..." Bibi alinong'ona, kila neno likimgharimu. "Bomba. Umelifanya nini bomba?"

Kozue alimfuta mvua usoni.

"We mtoto."

"Nimeweka puti, Bibi. Kidogo tu."

Bibi Fusae alifumba macho. "Umesoma mpaka Kyoto," alisema, "ukaja kumziba mtu pua. Mwite Orito. Na hilo gari lako liite pia, lakini lisipige king'ora. Majirani."

Gari lilikuwa mbali, upande wa pili wa mto uliojaa. Orito alikuwa karibu. Alikuwa kuhani wa hekalu la mtaa, na kwa kuwa hekalu la mtaa halimlishi mtu, siku za kazi aliendesha gari la kuwapeleka wazee kuoga. Alifika na kanzu nyeupe juu na raba chini, amebeba mfuko wa chumvi, sake, mchele, na mwanzi mrefu uliotobolewa vifundo. Alimtazama Bibi, akalitazama bomba, akaitazama puti.

"Kazi nzuri ya mikono," alisema kwa uchovu. "Ungekuwa fundi ungekula vizuri."

"Kuhani, tafadhali."

"Nazungumza kwa sababu naogopa, binti. Niache. Mimi nitamwomba, wewe ubandue. Usitazame ndani. Magoti yangu hayainami tena, na wewe ndiye aliyemkosea."

Kozue alipiga magoti kwenye matope. Puti ilikuwa imekuwa ngumu kama jino, akaikwangua kwa kucha mpaka ikatoka damu isiyokuwa ya puti. Nyuma yake Orito alisoma maneno yake kwa sauti ya chini, ya kuomba radhi, kama mpangaji mbele ya mwenye nyumba. Bonge likabanduka. Bomba likatoa mlio, upepo ukiingia, ukiingia, majani yote ya bustani yaliyolowa mvua yakielekea huko.

"Sasa shaba."

Kozue aliukamata waya wa kijani, akavuta. Ukavutwa kutoka upande wa pili.

Aliyeuvuta hakuwa mzito. Hilo ndilo alilokumbuka baadaye. Alivuta kwa adabu, kama mwenyeji anayemshika mgeni mkono asitake aondoke, na kila Kozue alipopumzika waya ulirudi kidogo, na kila aliporudisha nguvu uliachiwa kidogo, na kupitia waya ule, kwenye viganja vyake, alihisi mvumo wake wa zamani, ule mmmmm aliougombeza miezi yote, ukipanda na kushuka kama kifua; akaelewa kwamba alichokifukuza kwenye spika na alichokiingiza humo vilikuwa vimepishana njiani, na kwamba huyu wa chini alikuwa amezoea, alikuwa amesikia vikao, alikuwa ameonja ubani na chai na karanga za nyumba ya watu, na hakuona sababu ya kurudi kupumulia matope.

"Mwambie," alisema Orito. "Mwambie wewe mwenyewe."

"Nisamehe," Kozue alisema ndani ya bomba. "Sina cha kukupa. Kazi yenyewe imekwisha leo, chukua hiyo. Niachie Bibi."

Waya ukalegea. Fimbo ikaja juu kwa wepesi, ikaanguka kwenye matope. Shaba yote ilikuwa imeng'aa, imelainika, kama kijiko cha ukoo kilichonyonywa na vizazi. Orito alisimika mwanzi mpya ndani ya bomba, akamimina sake, akarusha chumvi, na mwanzi ukakaa kimya, kisha, polepole, ukatoa pumzi. Ilikuwa ya baridi na ndefu. Barazani Bibi Fusae akakohoa, akatukana, akaomba maji.

Wahudumu wa gari la wagonjwa walimkuta anakunywa chai. Laptopu ilikuwa imezimika, chaja imechomoka kwenye purukushani. Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mvua. Kozue hakuiwasha. Alijilaza kwenye mikeka karibu na Bibi, akaisikiliza pumzi yake ikiingia na kutoka, mpaka usingizi ukambeba. Kazi imekwenda, na iende.

Jumatatu Bwana Nagase alipiga.

"Bi Hachiya, hongera. Umeajiriwa."

Kozue alikaa.

"Faili la Ijumaa," Nagase alisema. "Wale wazee wa milimani. Sijawahi kuona. Kila neno, mpaka mnong'ono wa nyuma ya chumba ambao sisi na vifaa vyetu vyote hatukuupata. Hakuna 'haisikiki' hata moja. Limeingia jua linazama, kama nilivyosema. Kuanzia leo nategemea kiwango hicho hicho, sawa?"

"Sawa," ilisema sauti ya Kozue.

Aliwasha laptopu. Faili lilikuwepo, limetumwa. Alishuka ukurasa baada ya ukurasa, maneno ambayo vidole vyake havikuwahi kuyaandika, mpaka mwisho, chini ya salamu za kufunga kikao. Palikuwa na mabano ya mwisho. *(Anatoa pumzi.)*

Aliinama chini ya meza. Kanyagio lilikuwa limelowa, na kwenye mpira wake, pale wayo unapokaa, kuvu changa lilikuwa limeota.

Miaka yote ya barua, aliwaza, intaviu zote, koti lile jeusi la kuazima, na aliyepata ajira ni jini. Alicheka. Kisha hakucheka, maana chumba cha pili Bibi alikuwa anapasua karanga, na faili jipya lilikuwa limeshaingia.

Alichomeka spika. Waya wa kijani haukuwepo tena. Fimbo ilikuwa barazani, imefungwa kwenye gazeti, aliiona kutoka pale alipokaa. Mvumo ukaja, mmmmm, mnene na mbaya, na kwa mara ya kwanza maishani Kozue aliupenda. Alikanyaga. Watu wakaongea ndani ya mvumo kama watu walio chini ya maji. Akaandika: haisikiki. Akaandika tena: haisikiki. Ataandika hivyo mpaka wamfukuze, alijiambia, na wamwombee mafanikio huko aendako, na Bibi apumue.

Alifika ukurasa wa pili.

Mvumo ukakatika.

Kozue aliondoa mguu kwenye kanyagio. Chaja ilikuwa bado kwenye soketi. Barazani gazeti lilikuwa pale pale, limefungwa kwa kamba. Kila neno la kikao, safi kama kengele, liliendelea kutoka kwenye spika ingawa hakuna aliyekanyaga, na katika chumba cha pili Bibi Fusae aliacha kupasua karanga.

"Kozue," aliita, taratibu. "Hebu nifungulie dirisha."